Mfuko wa Kifuani

Mzee wa swichi alikuwa na kanuni yake, na haikuwa imeandikwa popote. Kabla ya kurudisha umeme kwenye laini, alimwita fundi aliyeko kazini. Asipojibiwa, aliita tena. Asipojibiwa mara ya tatu, alijua fundi ameshateremka, yuko kwenye pikipiki na upepo unampiga masikioni, maana fundi aliye juu ya nguzo hawezi kukosa kusikia: redio imebanwa kifuani pake, inamkoromea chini ya kidevu. Basi mzee alikamata mpini wa swichi akausukuma juu. Miaka kumi na minane alifanya hivyo, na hakuwahi kuunguza hata mjusi.

Kisha redio zikakusanywa.

Bi Pindo aliipata habari hiyo kwa mumewe, alasiri moja, akiwa amebana pini tatu mdomoni na mguu juu ya pedeli ya cherehani. Bi Pindo si jina alilopewa na wazazi wake. Wateja ndio waliompa, kwa sababu nguo ikitoka mkononi mwake pindo lake halionyeshi hata nukta ya uzi. Mumewe naye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kazini walimbatiza Popo, tangu siku walipomkuta amening'inia kwenye mkanda juu ya nguzo, kichwa chini, anakaza nati huku anapiga mluzi.

"Wanasema redio ni mbovu, wamechoka kuzitengeneza," alisema Popo, anavua viatu mlangoni. "Kuanzia mwezi ujao kila fundi awe na simu janja yake. Kibali cha kupanda kitatumwa huko, mchoro wa laini huko, na mzee wa swichi atapiga huko huko."

Bi Pindo alitoa pini mdomoni. "Yake kwa maana ya kujinunulia?"

"Yake kwa maana ya yake."

"Na ile yetu iliyokufa?"

"Si imekufa? Au ulitaka niizike kwanza?"

Nyumba nzima ilikuwa imebaki na simu moja ya vitufe, imefungwa raba ili betri isianguke. Bi Pindo aliiangalia pale mezani, kisha akamwangalia mumewe. "Na Kigingi?"

Kigingi ndiye msaidizi aliyesimama chini ya nguzo kila Popo alipopanda. Kazi yake ilikuwa kuangalia juu, kupokea, kurusha kamba, na kupiga kelele pakitokea la kupigiwa kelele.

"Kigingi wamempunguza. Wanasema simu inatosha."

"Kwa hiyo utakuwa peke yako."

"Mimi na simu."

"Na mzee bado ana kanuni yake ile ya kuita mara tatu?"

Popo alicheka. "Mzee yule abadilike leo? Bora umwambie jua lichomoze usiku."

Bi Pindo hakucheka. Alirudisha pini mdomoni, akakanyaga pedeli, na mshono aliopiga jioni ile aliufumua wote kesho yake.

*

Dukani waliwekewa simu mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa ya kawaida, inaingia kiganjani kama kipande cha sabuni. Ya pili ilikuwa pana, ndefu, nyeusi tii, na muuza simu aliishika kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga.

"Hii ndogo ni simu, basi," alisema. "Hii kubwa, bosi wangu, ni kitu kingine. Si simu, si kishikwambi. Ni katikati."

"Si ndege, si mnyama," akasema Bi Pindo. "Imempata mwenyewe."

Popo alitabasamu, akachukua ile ndogo akaitumbukiza kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake. Ilizama yote. Akaruka ruka pale dukani kuona kama itachomoka, haikuchomoka. Kisha akachukua kubwa. Iliingia nusu, nusu ikabaki nje inatazama dari.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Nikiinama tu, inakwenda chini kabla yangu."

"Wenzako wanaibeba kwenye mkoba, bosi," muuza simu akadakia. "Au unataka kulala nayo kifuani kama picha ya mchumba?"

 Bi Pindo alikunjua karatasi aliyokuja nayo, mchoro wa laini ambao Popo alipewa kwenye mafunzo, akaomba upigwe picha kwa kila simu. Halafu akampa mumewe ile ndogo.

"Soma. Nguzo hii hapa, yenye alama ya transfoma, ya ngapi?"

Popo aliisogeza simu mbali na uso. Akaisogeza karibu. Akakohoa kidogo, kana kwamba namba ilikuwa imemkwama kooni. "Themanini na nane."

Kwenye karatasi, iliyokuwa mkononi mwa Bi Pindo, palikuwa pameandikwa themanini na sita.

Aliikunja karatasi. Mwaka mzima alikuwa akimwona anasoma gazeti kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayemzuia mbwa. Walilijua jambo hilo wawili tu, na hata wao hawakulitaja. Fundi anayevaa miwani hapandi nguzo. Hiyo ndiyo sheria ya kampuni. Anapelekwa kukaa getini kwa nusu ya mshahara, anaandika namba za magari. Nguzo ya themanini na sita na ya themanini na nane zilitofautiana kwa kitu kimoja: moja ingekuwa imezimwa, nyingine ina moto.

"Si unaivuta tu kwa vidole inakuwa kubwa?" alisema muuza simu.

"Na nikiwa juu nimevaa glavu za mpira?" akauliza Popo.

Bi Pindo akampa ile kubwa. Popo aliitazama mara moja, akasema, "Themanini na sita," na macho yao yakakutana juu ya kioo cha duka.

Kubwa ilizidi bei. Tofauti hiyo Bi Pindo aliitoa mwenyewe kwenye kitambaa alichokuwa anawekea akiba ya mota mpya ya cherehani. Na tusimpambe. Hakuichagua kwa ajili ya macho ya mumewe peke yake. Mwezi uliotangulia mteja mmoja alimrudishia gauni mbele za watu, akamwambia, "Kwenye picha niliyokutumia kola ina vifungo vitatu. Wewe umeona viwili. Unashona au unaotea?" Kwenye kile kioo kidogo kilichopasuka cha simu yao iliyokufa, kweli alikuwa ameona viwili. Sasa alijiona jioni anapanua picha, anahesabu vifungo, anahesabu hata nyuzi.

"Itakaa wapi?" Popo aliuliza tena, sauti ya chini.

"Mimi nashona nini kila siku, mume wangu? Nitakushonea mfuko."

Muuza simu aliandika risiti. Ukutani nyuma yake palikuwa na kibao: mali ikitoka dukani hairudi.

*

Mama yake Popo, aliyekaa nao, aliigeuza geuza simu ile akairudisha mezani upesi, kama iliyomchoma. "Ni simu au ubao wa kukatia vitunguu?"

"Ni simu, mama."

"Inaita kama simu nyingine?"

"Inaita, mama."

"Haya." Akaendelea kuitazama. "Mimi moyo wangu haujaipokea. Lakini mimi ni mzee, moyo wangu hata mvua haiipokei."

Bi Pindo alifumua mfuko wa zamani wa ovaroli. Kitambaa hakukibahatisha: alikata mguu wa ovaroli iliyochakaa, ya kampuni ile ile, kitambaa kile kile kizito kisichoshika moto haraka. Akapiga mshono mara mbili pembeni, mara tatu chini. Juu akaweka kifuniko chenye kifungo kikubwa kinachofunguka hata kwa kidole chenye glavu. Kisha akamvalisha mumewe na kumsimamisha juu ya kigoda, karibu na mlango.

"Shika fremu ya mlango. Hiyo ni nguzo. Usiiachie."

"Mama, unamwona mkweo anavyonifanya?"

"Shika nguzo," mama akasema.

Bi Pindo aliingia chumba cha pili na simu ya vitufe, akapiga. Popo alipapasa, kifungo kikamgomea, mlio ukakatika. "Moja," Bi Pindo alihesabu kutoka ndani. Alirudi, akaupandisha mfuko vidole viwili, akaulegeza mdomo. Akapiga tena. Safari hii Popo alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Hapa nguzo ya themanini na sita," alisema kwa sauti ya kazini. "Nani mwenzangu?"

"Mkeo."

"Mke wangu hapandi nguzo."

"Lakini anajua uliko."

Walirudia mara kumi. Mara zote kumi alipokea. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, na kwa wiki mbili zilizofuata nyumba ile ilisahau kuogopa.

*

Siku ya kumi na tano Popo alirudi mapema, hakupiga mluzi. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akatoa kitu mfukoni mwa suruali akakiweka kwenye meza ya cherehani. Ulikuwa mfuko. Pembeni nyuzi zilikuwa zimeachwa zinaning'inia kama mizizi ya mche ulioong'olewa.

"Nani?"

"Msimamizi. Kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya watu wote. Alitoa kisu chake cha kumenyea waya. Akasema sare ya kampuni si gunia la kutia viraka. Akaniambia, 'Kesho mkeo atakuwekea na lesi?' Watu wakacheka."

"Na wewe?"

"Nilifanyaje? Nilisimama akanikata."

Bi Pindo alipitisha kidole kwenye mshono. Msimamizi alikuwa amepata kazi kuukata. Sehemu nyingine uzi ulikataa akakata kitambaa. "Kifuani pana nini sasa?"

"Pana shimo."

"Simu inakaa wapi?"

"Kwenye mkoba wa vifaa."

"Mkoba unakaa wapi?"

Popo alianza kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza, baba. Ukiwa juu, mkoba unakaa wapi?"

"Kwenye pikipiki," alisema Popo. "Chini. Ukining'inia na ule mkoba mgongoni unakuvuta, utaanguka nao."

Mama, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, aliacha kupepeta.

"Twende tukabadilishe," alisema Bi Pindo. "Leo. Tuchukue ile ndogo, nitatoa tofauti juu ya tofauti."

"Hairudi, si ulisoma? Na hata ikirudi..." Aliinama kwenye kiatu ili asimtazame. "Kwa ile ndogo nitasoma nini, Pindo? Nitapanda nguzo gani?"

 Hapakuwa na simu ya kumfaa mtu huyu. Moja ingempandisha mahali pasipofaa, nyingine ingemwacha huko bila wa kumwita.

"Nitaongea na mzee," Popo alisema mwishowe. "Nitamwambia asiguse swichi mpaka mimi mwenyewe nimpigie. Aisahau kanuni yake."

"Atakubali?"

"Atakubali. Mzee ananipenda."

"Najua anakupenda," alisema Bi Pindo. "Mimi nauliza kama mkono wake utakubali."

*

Alhamisi umeme ulikatwa mtaani kwao tangu saa mbili asubuhi. Popo ndiye aliyekuwa kwenye laini hiyo. Alikunywa chai akiwatania kwamba leo anawatia gizani wake zake wawili, yaani mkewe na mama yake. Bi Pindo alishona kwa mkono karibu na dirisha. Pasi ilikuwa ubaoni, baridi. Balbu ya chumbani alikuwa ameiacha swichi yake imewashwa, ili ajue umeme ukirudi.

Kila saa iliyopita bila umeme ilimpa amani. Giza lile lilikuwa salama ya mtu wake.

Karibu na saa saba mchana balbu iliwaka.

Mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha. Jirani aliwasha muziki. Mtoto mmoja alikimbia uani akiimba kwamba umerudi, umerudi. Bi Pindo naye, Mungu anajua, alifurahi kwa muda wa pumzi moja, akanyoosha mkono kushika pasi.

Balbu ikatoa mwanga mkali, mweupe, kama jicho lililotumbuliwa. Ikatetemeka. Ikazima. Muziki wa jirani ulikatika katikati ya neno.

"Aa, hawa watu nao!" mtu alilalamika nje. "Wanatuchezea!"

Bi Pindo aliishika simu ya vitufe, raba ikamponyoka, betri ikaanguka, akairudisha. Akapiga. Iliita. Aliisikia ikiita sikioni mwake na aliiona inakoita: ndani ya mkoba, juu ya kiti cha pikipiki, chini ya nguzo, pasipo na Kigingi. Iliita mpaka ikachoka.

"Ameshika?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, mama."

"Piga tena."

Hakupiga tena. Alivaa viatu, kimoja chake kimoja cha mumewe, akatoka mbio.

*

Hakufa. Mkanda ulimshika, akaning'inia kichwa chini kama jina lake mpaka walipomteremsha. Hospitali walimkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alikuwa ameshamaliza kazi, ameshafungua waya wa ardhi ule wa kumwokoa mtu umeme ukirudi ghafla, akaona kikombe kimoja cha kushikia waya kimelegea, akarudi juu dakika moja kukikaza.

Mzee wa swichi alikuja siku ya pili, kofia mkononi. Hakukaa. "Aliniambia," alimwambia Bi Pindo. "Asubuhi ile ile aliniambia, mzee usiguse mpaka nikupigie. Nikasema sawa. Nikampigia kumwuliza kama bado sana. Nikampigia tena. Nikampigia tena. Halafu mkono ulikwenda wenyewe, mwanangu. Ulikwenda wenyewe."

Bi Pindo alimpa kiti. Kwenye ile simu kubwa palikuwa na alama za simu nne ambazo hazikupokelewa. Tatu zilikuwa za mzee, ya nne yake.

Wiki ya tatu waliitwa ofisini, yeye na mama. Msimamizi aliwakaribisha vizuri, akaagiza soda. Mezani palikuwa na karatasi iliyochapwa, na kalamu juu yake, kifuniko kimeshatolewa.

"Poleni sana kwa yaliyowafika," alianza. "Sisi ni familia moja hapa, ndiyo maana nataka tulimalize kifamilia. Uchunguzi umeonyesha kifaa cha mawasiliano hakikuwa mwilini mwa fundi. Kilikuwa kwenye pikipiki, kwa sababu ya ukubwa wake. Na kilinunuliwa kikubwa," alimtazama Bi Pindo kwa upole uliokuwa umepangwa, "kwa matakwa ya familia. Kwa shughuli za ushonaji. Uongo?"

"Endelea," alisema Bi Pindo.

"Basi hii ni barua fupi tu. Inasema familia inakiri hivyo na inaomba radhi kwa kampuni kwa usumbufu. Mkisaini, mimi mwenyewe nampigania apate kazi getini. Ataandika kwa mkono wa kushoto, atazoea. Msiposaini, wakubwa watasema ni uzembe wake, na uzembe hauna matibabu wala kiinua mgongo."

Mama alimgusa mkwewe gotini, chini ya meza. "Omba radhi, mwanangu," alinong'ona. "Neno tu. Tumchukue mtoto wetu twende."

Bi Pindo alikuwa na jibu moja ambalo lingemwondolea lawama yote. Angeweza kusema: nilichagua kubwa kwa sababu mtu wenu alikuwa haoni ndogo. Angelisema, angetoka pale safi kama nguo iliyopigwa pasi, na mumewe angeandikwa kwamba mwaka mzima alipanda nguzo akiwaficha macho yake. Hata lile geti lingefungwa. Alilimeza jibu hilo, likashuka taratibu, lina kingo.

Alifungua mkoba wake. Alitoa ile simu akaiweka juu ya barua. Halafu akatoa mfuko, nyuzi zake bado zinaning'inia, akauweka kando ya simu.

"Hiki ni nini?" aliuliza msimamizi, ingawa alijua.

"Kitambaa chenu. Mshono wangu. Kisu chako."

Aliitumbukiza simu ndani ya mfuko. Iliingia yote, kifuniko kikalala juu yake, kifungo kikajibu. Akaukamata mfuko kwa mkono mmoja, akaubana kifuani pake, mahali pale pale pa vidole viwili juu.

"Nipigie," alisema.

Msimamizi aliangalia mlango.

"Namba unayo. Nipigie, tuone kama sitapokea."

"Bi mkubwa, hatuko hapa kuchezeana michezo..."

"Redio mlichukua nyinyi. Kigingi mlimfukuza nyinyi. Nilichobaki nacho mimi kilikuwa mfuko, ukaukata watu wakacheka." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na mama, aliyemjua, aliondoa mkono gotini mwake. "Simu nilichagua mimi. Kubwa, nilichagua mimi, na shughuli zangu za ushonaji zimo ndani yake, sikatai. Andika hivyo kama unataka kuandika. Mtu wangu atatibiwa na nyinyi, na kama si kwa barua hii basi kwa nyingine, mbele ya watu wengine, na huu mfuko nitauleta huko vilevile."

"Kwa hiyo husaini?"

Bi Pindo alichukua kalamu, akaitafutia kifuniko chake mezani, akaifunga.

"Radhi siombi," alisema.